Saa ya Mkononi na Kidonge cha Presha

Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie kitu ambacho si ugonjwa wala si dawa. Tunazungumzia saa. Si saa ya ukutani, bali zile saa mpya za mkononi ziitwazo saa janja, ambazo huunganishwa na simu na kumwonyesha mwenye nayo mapigo ya moyo wake, hatua alizotembea, jinsi alivyolala, na nyingine hata presha na sukari. Zimeingia Kibaha kwa wingi, na siku hizi tunaziona hata mikononi mwa wazee wanaotoka Maneromango na Mzenga kule Kisarawe. Aghalabu ni zawadi. Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam anarudi nyumbani kwa Krismasi, amepita Kariakoo, na amemletea baba yake saa.

Ni zawadi ya upendo, wala hatutaki kumvunja moyo mtoto anayemkumbuka mzazi wake. Lakini tumeona jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia.

Mwaka jana tulimpokea mzee mmoja, mkulima wa mikorosho na mihogo, ambaye tulimfahamu kwa muda wa miaka minane kama mgonjwa wa presha. Alikuwa mgonjwa wa mfano. Kadi yake haikuwa na pengo hata moja, na akifika kliniki alikuwa akituletea mananasi. Kisha akapotea. Ulipita mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa nne. Siku aliyorudi aliletwa kwa bodaboda, ameshikiliwa katikati baina ya dereva na mwanawe, mdomo umepinda upande na mkono wa kulia haunyanyuki. Presha yake ilikuwa 210 kwa 120.

Tulimwuliza mkewe kama dawa zilikuwa zimekwisha. Akasema la, zipo kabatini, pakiti mbili hazijafunguliwa. Mzee alikuwa ameziacha mwenyewe. Tangu alipoletewa saa, kila asubuhi alikuwa akiitazama, na kila asubuhi ilimwonyesha 118 kwa 76, au karibu na hapo. "Mama, mimi nimepona," ndivyo alivyomwambia mkewe. "Kwa nini niendelee kumeza vidonge?" Hata pale kitandani saa ilikuwa bado mkononi mwake. Tuliibonyeza. Ikasema 121 kwa 78.

Baada ya mgonjwa kulazwa na mambo kutulia kidogo, mwenzetu mmoja aliichukua ile saa akaifunga kwenye ndizi mbivu iliyokuwa mezani pa chai. Ikawasha taa yake ya kijani, ikafikiri kidogo, ikatuambia kuwa ndizi ina presha ya 117 kwa 75. Tulicheka. Kisha hakuna aliyeendelea kucheka.

Tungependa tueleze kwa nini jambo hili hutokea, maana mtu akielewa namna chombo kinavyofanya kazi hadanganyiki kwa urahisi. Ukiigeuza saa ya namna hii utaona chini yake taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unaposukuma, damu huongezeka kidogo katika mishipa midogo ya ngozi, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Moyo unapopumzika, mwanga huongezeka. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko, nayo hupata idadi ya mapigo kwa dakika. Kwa mtu aliyetulia, na saa ikiwa imekaa vizuri, saa iliyotengenezwa vyema huhesabu mapigo kwa usahihi wa kuridhisha. Hilo tunalikubali bila kinyongo.

Lakini presha si idadi ya mapigo. Presha ni nguvu ya damu inapousukuma ukuta wa mshipa, na nguvu haijulikani kwa kuitazama, bali kwa kushindana nayo. Ndiyo maana mwaka 1896 daktari Mwitaliano aitwaye Scipione Riva-Rocci alibuni mkanda wa kufunga kwenye mkono na kuujaza hewa mpaka damu isimame. Mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha kuwa ukisikiliza mshipa huku hewa ikipunguzwa utasikia damu inapoanza kupita tena, na pale sauti inapopotea. Kila mara muuguzi anapokubana mkono hadi ukakunja uso, anarudia kazi ya mabwana hawa wawili. Saa ambayo haibani kitu haishindani na damu yako. Inakisia, na zile za bei rahisi, kwa kadiri tulivyoziona sisi, zimetengenezwa zikisie vizuri ili mnunuzi afurahi.

Ni haki tuseme kwamba zipo saa za kampuni kubwa zilizo waungwana zaidi. Baadhi humtaka mwenye nayo aipime kwanza na mashine ya mkanda, na kurudia hivyo kila baada ya wiki nne. Ipo pia aina iliyo na kimkanda kidogo kinachojaa hewa kwenye kiwiko cha mkono. Hata hivyo, chama cha wataalamu wa presha wa Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, hakikukubali vifaa visivyo na mkanda wa hewa vitumike kumpima mgonjwa wala kuamua matibabu yake. Ikiwa wao wenye maduka yaliyojaa saa za kila aina wanasita, sisi wa Maili Moja na Kisarawe mjini tuna haraka ya nini?

Kuhusu sukari tutasema kwa ufupi, kwa sababu hakuna cha kujadili. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayojidai kupima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Vile vifaa vya kubandika vinavyotumiwa na baadhi ya wagonjwa wa kisukari ni kitu kingine, kwa kuwa vina kijisindano kinachoingia chini ya ngozi. Mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya saa anaweza kuzimia usingizini na asiamke. Ukiwa na kisukari, na saa yako ina ukurasa wa sukari, usiufungue kabisa.

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana hatupendi lawama zote ziangukie saa. Tulijiuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyehudhuria kliniki kwa miaka minane, aliiamini saa ya miezi minne kuliko sisi. Jibu halikuwa tamu. Kutoka kijijini kwake hadi kwetu ni bodaboda kisha gari, na masika barabara ikiharibika nauli hupanda. Akifika hukaa benchi tangu alfajiri hadi saa saba mchana kwa kipimo cha dakika tatu. Akichelewa siku moja, tunamfokea. Ndiyo, sisi wauguzi tunafoka. Tumekuwa na mazoea hayo tangu tulipokuwa wanafunzi tukifokewa na masista waliotufundisha. Saa haikumfokea, wala haikumdai nauli. Kila asubuhi ilimpa habari njema akiwa bado kitandani. Anayetaka kushindana na saa ya namna hiyo hana budi kuwa mpole kuliko tulivyokuwa sisi.

Na presha yenyewe husaidia uongo huo, kwa kuwa haiumi. Malaria itakulaza hata ukibisha. Presha hukuacha ulime, ucheze ngoma, uimbe kwaya, huku ikiharibu figo na mishipa ya kichwa polepole. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani pamoja na watafiti wenzake yalionyesha kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wanayo presha, na karibu nusu yao hawajijui. Mtu wa namna hiyo akipewa saa inayosema "118 kwa 76" amefungiwa mlango wa kujijua.

Pamoja na hayo yote, wasomaji wetu wasidhani kuwa sisi ni maadui wa saa. Muuguzi bila saa ni muuguzi gani? Sisi tuliosoma uuguzi miaka ya tisini tuliingia wodini na saa ya kubana kifuani, iliyoning'inia kichwa chini ili tuisome huku mikono yetu ikiwa kwa mgonjwa. Zamani zaidi, mwaka 1707, daktari Mwingereza John Floyer aliandika kitabu juu ya kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa iliyotengenezwa iende dakika moja kamili. Saa na mapigo ni marafiki wa miaka mingi.

Msichana mmoja mwalimu wa shule ya msingi, hapa hapa Kibaha, alikuja kwetu akiona haya. Alisema, "Sista, mtanicheka, lakini saa yangu inaniambia moyo unakwenda 115 nikiwa nimekaa." Hatukumcheka. Tulishika mkono wake tukahesabu wenyewe, tukapata 112. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Tulipima wingi wa damu, tukaikuta imepungua sana; alikuwa akivuja damu nyingi kila mwezi kwa zaidi ya mwaka, na alidhani uchovu wake ni wa kazi. Hapo saa ilifanya kazi njema. Iligonga mlango, na mwenye nyumba akatoka kwenda kuuliza kuna nini.

Marekani walilifanyia jambo hili uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 2017 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019. Watu zaidi ya 400,000 waliovaa saa ya Apple walifuatiliwa ili kuona kama saa inaweza kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, yale ambayo huweza kuleta damu iliyoganda na kiharusi. Waliopewa taarifa na saa walikuwa 2,161 tu. Baadhi yao walibandikwa kifuani kipimo cha moyo kwa siku kadhaa, na kati ya waliokirudisha ni kama theluthi moja, asilimia 34, walioonekana na tatizo hilo kwa siku hizo. Wengine huenda moyo ulikuwa umetulia kwa muda, maana ugonjwa huo huja na kuondoka. Sisi tunachojifunza hapo ni kwamba hata saa bora kabisa, katika nchi yenye kila kitu, kazi yake ilikuwa kumpeleka mtu kwa daktari. Haikumpa dawa, wala haikumwachisha.

Kuna kipimo kingine kinachotupa wasiwasi kwa ajili yetu sisi watu weusi, nacho ni cha hewa ya oksijeni. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walitangaza kuwa hata vile vipimo vya hospitali vya kubana kidoleni viliwapita wagonjwa weusi waliokuwa na upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko walivyowapita wagonjwa weupe. Mwanga hupita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huubadilisha. Ikiwa kipimo cha hospitali kina kasoro hiyo, saa ya mkononi tusiiamini kwa mtoto anayehema kwa shida. Mtoto akivuta mbavu ndani anapopumua, mbebeni mje, saa iseme isemavyo.

Na hatua je? Wengi wa Kibaha hutuonyesha kwa fahari hatua 10,000. Namba hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la biashara la kifaa cha kuhesabia hatua, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Kutembea ni kuzuri sana, hasa kwa sisi tunaokaa ofisini na kushuka daladala mlangoni, na saa ikimwinua mtu kitini tunaipongeza. Ila akina mama wa Chole na Mafizi wanaokwenda shamba na kurudi na kuni kichwani hawahitaji kuhesabiwa. Wao wanahitaji kupumzika.

Tunapenda pia mjue kuwa chombo cha kuvaa kinachofaa kipo, nacho kina jina letu la Kiswahili. Kinaitwa Moyo. Ni kifaa kidogo anachofungwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, chenye mkanda tumboni, kinachofuatilia mapigo ya mtoto aliye tumboni mfululizo na kupiga kengele yakishuka chini ya 110 au kupanda juu ya 160. Kilitengenezwa na Laerdal ya Norwei na kufanyiwa utafiti hapa Tanzania, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara na Hospitali ya Taifa Muhimbili. Zamani, na hata sasa katika zahanati nyingi, tulisikiliza kwa kile kitarumbeta tunachokiweka tumboni, kila baada ya muda. Na mkunga mmoja akiwa na wazazi watano wakati mmoja, muda huo huwa mrefu kuliko unavyoandikwa vitabuni. Angalieni tofauti. Kifaa hiki kilijaribiwa kwa akina mama wa Kitanzania, na namba yake husomwa na mkunga ambaye anajua la kufanya inapobadilika: kumgeuza mama ubavu, kumwita daktari, kuandaa chumba cha upasuaji. Namba ile ina mtu nyuma yake. Namba ya ile saa ya mzee wetu ilikuwa peke yake.

Kwa hiyo tunalo pendekezo, nalo tunalileta kwa jumuiya ndogo ndogo. Badala ya kila nyumba kutafuta saa, familia za jumuiya moja zichange zinunue mashine moja ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, katikati ya mkono wa juu. Itunzwe kwa mwenyekiti au kwa mama mmoja mwaminifu, nasi tutakuja Jumamosi kumfundisha anayeitunza na kuilinganisha na ya kwetu. Wazee wapimwe siku ya jumuiya, kabla ya kusimama na kuanza mazungumzo, na namba ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa mwenyewe. Kwa mzee wa Masaki au Msimbu hiyo ni nauli ya safari kadhaa imeokolewa, na siku ya kliniki atakuja na daftari lenye vipimo kumi badala ya kimoja.

Namna ya kupima ni hii. Mtu akae kitini dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini na isipishane. Awe amekwisha kwenda haja ndogo, na asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, nguo isikae chini ya mkanda. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati. Ikiwa namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, na ikajirudia siku nyingine, aje. Ikifika 180 kwa 120 asingoje siku nyingine, na akiwa pia na kifua kinachouma, udhaifu wa upande mmoja au maneno yanayokwama, aletwe saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana.

Na asiye na mashine wala saa anaweza kuhesabu mapigo yake. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye mkono wa pili chini ya kidole gumba, pale unaposikia mdundo. Usitumie gumba, kwani lina mdundo wake litakuchanganya. Hesabu dakika nzima. Saa yoyote yenye mshale wa sekunde yatosha, hata ile ya ukutani sebuleni.

Walio na saa janja tayari wasizitupe. Njooni nazo kliniki. Tutaufunga mkanda wetu mkono mmoja na saa yenu mkono wa pili, mjionee wenyewe.

Mzee wetu yu hai. Anatembea kwa fimbo, na maneno yamerudi karibu yote, ila mkono wa kulia bado mzito na jembe halishiki tena. Saa anayo. Ameihamishia mkono wa kushoto, na mjukuu wake ameufuta ule ukurasa wa presha na kuitegea kengele ya saa mbili usiku. Ikilia, mkewe humletea maji na kidonge.